Gunia Lisilo na Mdai

Ngamia akiibwa katika mji wa mpakani wa Diff, kesi hupata mwenyewe kabla jua halijatua. Nyayo zinafuatwa, alama ya chuma kwenye ngozi ya mnyama inasema ni wa ukoo gani, na wazee wa pande mbili wanakutana chini ya mti. Kama kuna mtu aliyekufa katika purukushani hiyo, diya yake inajulikana tangu zamani: ngamia 100 kwa mwanamume, 50 kwa mwanamke. Muuaji halipi peke yake. Ukoo wake wote unachanga, hata binamu aliyeko Nairobi ambaye hajaonana naye kwa miaka. Ndiyo maana wazee humchunga kijana wao kabla hajakosa, kwani kosa lake litawatoka wao zizini.

Sasa mtazame yule yule kijana akipokea gunia la bangi usiku kutoka kwenye lori. Hakuna aliyeibiwa wala aliyeuawa. Hakuna ukoo utakaoamka asubuhi ukahesabu mali yake na kukuta imepungua. Jirani ameona, na pengine amesikia harufu, lakini akienda kwa wazee atadai nini, na kwa niaba ya nani? Utaratibu mzima wa maslaha, yaani usuluhishi wa wazee, umejengwa juu ya mdai na mdaiwa. Gunia hili lina mdaiwa tu.

Sura hii inahusu pengo hilo. Serikali ya Kenya imejaribu kuliziba kwa kitu inachokiita polisi jamii, na naamini imelikosea kipimo. Kila mkutano wa usalama Kaskazini Mashariki, uwe Garissa, Wajir au Mandera, huisha kwa ombi lile lile: wananchi watoe habari. Ombi hilo linachukulia kwamba habari ndiyo iliyopungua, wakati miji ya mpakani haijawahi kupungukiwa na habari. Mgeni akifika Diff na begi moja, mji mzima unajua kabla hajamaliza kikombe cha kwanza cha chai. Kilichopungua ni mahali salama pa kuipeleka hiyo habari, pamoja na faida ya kuipeleka.

Diff iko Wajir Kusini, mahali ambapo Kenya inaishia na mkoa wa Jubba ya Chini wa Somalia unaanza. Waliochora mpaka huu walitumia rula, na malisho hayajui rula. Mke anatoka upande huu na mume upande ule, shilingi za Kenya zinapokelewa pande zote mbili, na bei ya sukari hufuata meli zinazotia nanga Kismayo kuliko viwanda vya Mumias. Kwa bangi, njia kubwa haipiti hapa. Mzigo mwingi unaokamatwa Kenya kutoka nje hulimwa kusini mwa Ethiopia, hasa pande za Shashamane, ukaingia Moyale na kuteremka Marsabit hadi Isiolo, tena kwa kasi zaidi tangu barabara hiyo itiwe lami. Lakini kizuizi kikikazwa Isiolo, dereva anajua vumbi la kuzungukia. Kila mji wenye njia za panya hupata fungu lake, dogo au kubwa: bangi, vidonge vya dawa za usingizi na za maumivu vinavyouzwa dukani bila cheti cha daktari, na kuber, ile tumbaku ya kuweka mdomoni ambayo watoto wa shule huificha ndani ya sare.

Miraa naiweka kando, kwa sababu sheria imeiweka kando. Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014, Kenya ikaiandika mwaka 2016 kuwa zao la biashara linalostahili kuendelezwa. Kina mama wengi wa Wajir wangekuambia kwamba miraa imewavunjia nyumba zaidi ya bangi. Wana hoja, na hiyo ni sura nyingine.

Nyumba Kumi, umbo ambalo polisi jamii ilichukua, ilifika huku ikiwa imetoka mbali. Chanzo chake ni Tanzania ya miaka ya 1960, chama cha TANU kilipogawa mitaa na vijiji katika mashina ya nyumba kumi kumi, kila shina na balozi wake. Balozi alikuwa macho ya chama, lakini pia ndiye aliyekuandikia barua ya utambulisho na kukupatanisha na mkeo. Alikuwa na la kukupa. Kenya ilikuwa na polisi jamii yake tangu Rais Kibaki alipoizindua rasmi mwaka 2005, na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 ikaiwekea vifungu vyake. Lakini ni shambulio la Westgate, Septemba 2013, lililoifanya serikali kuchukua jina la Tanzania na kulitangaza nchi nzima. Aliyekabidhiwa kazi hiyo alikuwa Joseph Kaguthi, mkuu wa mkoa mstaafu, ambaye miaka ya nyuma aliwahi kuongoza NACADA, chombo cha kupambana na ulevi na dawa za kulevya, kilipokuwa kichanga. Mtu yule yule, basi, alishika vita viwili. Nadhani hapo ndipo mambo hayo mawili yalipofungwa kamba moja katika fikra za serikali, kana kwamba anayemwona gaidi akipita na anayemwona jirani akiuza kete wanabeba mzigo wa aina moja.

Kwanza kuna hesabu yenyewe ya nyumba. Mtaa wa Nairobi ukihesabu milango kumi leo, utaikuta mwaka ujao, hata kama wapangaji wamebadilika. Kwa mfugaji wa Wajir nyumba ni fito na mikeka inayofungwa juu ya ngamia. Mvua ikinyesha Burder, nyumba tatu kati ya kumi zinahama wiki hiyo. Wanaobaki mjini ni wenye maduka, walimu, wazee na waliopoteza mifugo kwa ukame. Kamati ya Nyumba Kumi huundwa na hao, na orodha hupelekwa kwa chifu, ambaye mara nyingi alikuwa na orodha bora kichwani tangu awali.

Hilo ni dogo. Zito ni kwamba serikali inayoomba kuaminiwa ina historia hapa, na watu wanaoombwa habari wanaikumbuka kwa majina ya waliokufa. Sheria ya Wilaya Maalumu ya 1934 iliruhusu mkoloni kuwatoza faini watu wa kabila zima kwa kosa la mmoja wao na kuwakamatia mifugo. Uhuru ulikuja, sheria ikabaki, na haikufutwa hadi 1997. Katikati yake kuna vita vya shifta vya 1963 hadi 1967, Garissa ilipochomwa Novemba 1980, na Wagalla, Februari 1984, ambako wanaume walirundikwa kwenye uwanja wa ndege karibu na mji wa Wajir. Serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilisema waliokufa huenda walikaribia elfu moja. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa Wagalla leo ni mtu mzima mwenye mvi za kwanza, na pengine ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama. Anapoambiwa “polisi ni rafiki”, anajua rafiki huyo alilala wapi mwaka ule.

Adhabu ya pamoja, tusijidanganye, haikuwa mtindo wa Afrika peke yake, na kwa hili Marekani ina la kutufundisha kuhusu dawa za kulevya hasa. Nyumba za umma za Chicago, yale majengo marefu ya Robert Taylor Homes, zilikuwa jina la kutisha katika miaka ya 1980 na 1990: magenge yalishika ngazi na lifti, na biashara ya kokeini ilifanyika mchana. Mwaka 1993 jiji lilianza mpango wa polisi jamii, askari wale wale wakipangiwa mtaa ule ule na kukutana na wakazi kila mwezi. Wesley Skogan, mtafiti aliyeufuatilia kwa zaidi ya miaka kumi, aliona jambo ambalo kila msomaji wa Garissa atalielewa bila kuelezwa. Mpango ulileta mabadiliko makubwa katika mitaa ya Weusi, lakini katika mitaa ya wahamiaji waliotoka Mexico haukushika. Wale walioogopa kuulizwa vibali hawakuhudhuria mikutano.

Upande wa pili wa vita hivyo dhidi ya dawa za kulevya ulikuwa mkali. Sheria iliruhusu mpangaji wa nyumba ya umma kufukuzwa ikiwa mtu wa kaya yake amepatikana na dawa za kulevya, hata kama mpangaji hakujua. Rais Clinton aliikaza mwaka 1996. Wazee wanne wa Oakland, California, walikwenda mahakamani. Wawili kati yao walitakiwa kuhama kwa sababu wajukuu zao walikutwa wakivuta bangi kwenye maegesho ya magari. Machi 2002, majaji wote wanane wa Mahakama ya Juu waliosikiliza kesi hiyo, kesi ya Rucker, walisema serikali iko ndani ya sheria. Bibi ambaye hakuvuta, hakuuza na hakujua, alipe.

Ukiisoma hukumu hiyo ukiwa umekaa Wajir, unaweza kuona ni diya kwa jina jingine, ukoo ukilipa kosa la kijana. Tofauti ni kubwa. Anayelipa diya anainunua amani ya mtu anayemjua, na kesho zamu ya kulipwa itamfikia yeye. Bibi wa Oakland alipoteza paa lake na hakuna jirani aliyefidiwa. Na matokeo yake ni rahisi kukisia: mzazi anayejua kwamba kumtaja mwanawe kutamfukuzisha nyumbani atakuwa wa mwisho kusema. Kumwadhibu msemaji ni njia ya hakika ya kuua polisi jamii.

Huku kwetu mzazi anayesema hafukuzwi nyumba. Hatari yake ni nyingine. Baada ya jeshi la Kenya kuvuka mpaka Oktoba 2011, kila aliyesimama karibu na serikali mpakani aliwekwa alama. Januari 2012 Al-Shabaab walishambulia kambi ya Gerille, katika Wajir Kusini hii hii, wakaua watu na kuwavusha mpaka watumishi wawili wa serikali walioshikwa mateka kwa zaidi ya mwaka. Siku hizo hizo, kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab, viongozi wa jamii waliuawa kwa risasi, mmoja Hagadera na mwingine Ifo. Dadaab ni makazi ya umma makubwa kuliko yote ya Kenya, ingawa hakuna anayeyaita hivyo: yalianzishwa 1991 kwa watu 90,000, na kufikia 2011 yalikuwa na zaidi ya 400,000, yamegawanywa kwa sehemu na bloku, kila bloku na kiongozi wake wa kuchaguliwa. Na ina polisi jamii iliyofanya kazi kweli kweli: vijana na kina mama wa kujitolea, bila bunduki, wakizunguka bloku usiku, wakisuluhisha ugomvi wa foleni za maji na kuwasindikiza wasichana. Wengi walijulikana kwa fulana zao. Fulana hiyo ilipogeuka shabaha, wapo waliojiondoa, na sioni wa kuwalaumu.

Neno “jasusi” lina uzito wa kaburi katika ukanda huu. Anayeuza bangi hahitaji kuwa na uhusiano wowote na Al-Shabaab ili alitumie. Inatosha anong’oneze sokoni kwamba fulani anampelekea mkuu wa kituo cha polisi majina. Hofu iliyopandwa na vita vingine inavunwa na mchuuzi wa kete, bure, bila yeye kugharimia hata risasi moja. Nchi ina Wakala wa Ulinzi wa Mashahidi, kwa sheria ya 2006, lakini ulinzi wake hasa ni kumhamisha shahidi akaishi pasipojulikana. Utamhamishia wapi mtu ambaye ukoo wake unajulikana kutoka Kismayo hadi Eastleigh, ambaye lahaja yake pekee inatosha kumtaja?

Na tuseme amesema, tena amesema mapema. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mmoja wa wauaji alikuwa kijana aliyesoma sheria Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera. Baba huyo alikuwa amewaarifu wakuu wa usalama kwamba mwanawe ametoweka na kwamba anahofia amevuka kwenda Somalia. Alifanya kila kitu ambacho mabango ya polisi jamii yanamtaka mzazi afanye, akiwa mtumishi wa serikali mwenye simu ya wakubwa wake mfukoni. Nikisikia afisa akilalamika kwamba jamii ya Wasomali inaficha watu wake, humkumbuka chifu huyo.

Baada ya mauaji yale serikali ilimteua Mohamud Saleh kuwa mratibu wa eneo zima la Kaskazini Mashariki. Alikuwa Msomali wa huku, balozi, na aliwahi kuwa mkuu wa mkoa huo huo. Alichokifanya hakikuwa kipya. Alizunguka akikutana na wazee, masheikh na wanasiasa, akazungumza nao kwa lugha yao, na akawatwika koo jukumu la wazi juu ya vijana wao. Garissa, iliyokuwa ikilipuliwa karibu kila mwezi, ilitulia kwa kiasi ambacho wafanyabiashara wake bado wanakikumbuka kwa shukrani. Lakini tuangalie kilichotulia. Mabomu yana wahanga, na wahanga wana koo. Alipoziita koo, kila moja ilikuwa na maiti wa kumdai. Njia ya Saleh ilikuwa maslaha yenye mhuri wa serikali, na ilifaulu pale ambapo maslaha hufaulu. Biashara ya bangi haikuguswa nayo sana, na sidhani ilikuwa kosa lake.

Familia zenyewe hazijakaa mikono mitupu. Kijana akianza kupotea, njia ya kwanza ni kumhamisha: apelekwe nyikani akachunge ngamia, au kwa mjomba. Njia ya pili, kwa wenye uwezo, ni vituo vinavyoitwa dhaqan celis, vya kumrejesha mtoto kwenye mila na dini, ambako baadhi ya vijana waliosombwa hata kutoka Ulaya na Marekani wamekutwa wamefungwa minyororo. Mama anayemlipia mwanawe minyororo si mama asiyejali. Ni mama aliyepima kituo cha polisi na kituo hicho, akaona cha pili kina aibu ndogo na kinaweza kumrudisha mtoto akiwa hai. Gerezani angeingia na kosa la kete, atoke na marafiki wa magunia.

Kuna mfano wa mwenyeji ambao naona haukutumiwa ipasavyo. Mwaka 1993, Wajir ikiwa imegawanyika kwa vita vya koo hadi wanawake wa ukoo mmoja hawakuweza kununua maziwa kwa wa ukoo mwingine, kikundi cha wanawake kilianza kazi sokoni. Dekha Ibrahim Abdi alikuwa mmoja wao. Walikaa sokoni zamu kwa zamu, wakapokea malalamiko ya yeyote aliyenyimwa kuuza au kununua, wakawafuata wazee. Wazee wakaandika Azimio la Al-Fatah mwaka huo huo, na mwaka 1995 juhudi zote zikawekwa ndani ya kamati ya amani na maendeleo iliyowakalisha pamoja mkuu wa wilaya, masheikh, vijana na wanawake. Mwaka 2001 wazee wa wilaya kadhaa walikutana Modogashe wakatunga masharti juu ya malisho, wizi wa mifugo, ujambazi wa barabarani na silaha haramu.

Silaha haramu ndiyo iliyonivutia. Bunduki inayovushwa mpaka, kama gunia, haina mdai siku inaposhushwa. Wazee wa Modogashe waliiingiza katika masharti yao kwa sababu walikuwa wamewazika watu wa kutosha kujua itakakoishia. Na wanawake wa Wajir hawakungoja kuulizwa wanadai kwa niaba ya nani. Walijifanya wao wadai, kwa niaba ya soko. Kwa hiyo linawezekana: kina mama wa mji kutambuliwa na wazee kama upande wenye kesi, na mwenye lori, si utingo wala kijana wa kupokea, kuwa upande wa kulipa. Mwenye lori ana jina, ana ukoo, na ana mali inayohesabika. Ukoo ukijua utachangia faini ya lori, utaanza kuuliza maswali kabla lori halijaondoka.

Nasema mwenye lori nikijua ninagusa moto. Lori hilo hilo ndilo linaloleta sukari. Ripoti ya Journalists for Justice ya Novemba 2015 ilidai kwamba hata wanajeshi wa Kenya walikuwa na mkono katika magendo ya sukari kutoka Kismayo, jambo ambalo jeshi lilikanusha. Iwe kweli kwa kiasi gani, kila muuza duka wa mpakani anajua sukari yake haikupitia forodha, kwa sababu hakuna forodha ya kupitia. Anayemtaja dereva wa bangi anataja njia, saa, na askari wa kizuizini aliyefumba macho, na kwa pumzi hiyo hiyo anataja mzigo wa shemeji yake na sukari ya chai ya watoto wake. Mji mzima ni mshirika wa magendo halali machoni pake, na ushirika huo ndio pazia la magendo yasiyo halali kwa mtu yeyote. Polisi jamii inamtaka mwananchi alikate pazia hilo kwa mkasi, aondoe uzi mmoja tu.

Serikali imeanza kulegeza baadhi ya mafundo. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitangaza kufuta usaili wa ziada ambao vijana wa kaunti za mpakani walipitishwa ili wapate kitambulisho. Kijana asiye na kitambulisho hawezi kuingia kituo cha polisi kutoa habari bila kuhofia kugeuka yeye mshukiwa, sawa na wale wahamiaji wa Chicago. Mpaka wenyewe una hadithi ndefu zaidi: Mei 2023 ilitangazwa kwamba vituo vya kuvukia vitafunguliwa tena, kuanzia Mandera, na kufikia Julai, baada ya mashambulizi mapya, zoezi likaahirishwa.

Mjadala wa kufungua mpaka hufanywa kama jambo la ugaidi na mapato. Kwa Diff ungekuwa pia jambo la bangi. Sukari ikipita mchana na risiti, muuza duka hana tena sababu ya kumlinda dereva wa usiku, kwa maana lori la usiku litakuwa limebeba kitu kimoja tu, na kumtaja mwenyewe hakutamgusa shemeji.